Chemsha mara moja, unga mara tatu: uzi wa tunaopika nyumbani kwa hela ndogo

Sufuria Nyeusi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimekuwa msomaji wa kimya kwenye jukwaa hili la mapishi, na leo nimeona nami niweke changu. Mapishi mengi humu yanaanza na kuku mzima, siagi na jibini. Ni mazuri, nimejifunza mengi. Lakini najua tupo wengi ambao kuku mzima ni wa sikukuu, na siku za kawaida tunasimama mbele ya jiko tukiwaza elfu tano iliyopo mkononi itafika vipi hadi kesho asubuhi.

Naishi Mbagala, tuko watano: mimi, baba watoto, na watoto watatu. Mzee anaendesha bodaboda ya mtu, kwa hiyo hela ya kula inakuja jioni baada ya hesabu ya tajiri kutoka. Siku nzuri naachiwa elfu nane. Siku mbaya elfu nne. Na kuna siku anarudi, anavua kofia ngumu, anakaa bila kusema neno, na mimi najua.

Zamani nilikuwa napika siku kwa siku. Nikipata hela naenda gengeni, nanunua robo ya maharage, napika, tunakula, yanaisha. Mkaa ulikuwa unanimaliza kuliko chakula chenyewe. Robo kilo ya maharage inakula mkaa sawasawa na kilo nzima! Na kilichokuwa kikibaki kilikuwa kidogo mno, kijiko hapa, kijiko pale, hadi asubuhi kimechacha, namwaga.

Kilichobadilisha nyumba yangu ni hiki: nachemsha kingi, naunga kile tu kinacholiwa sasa hivi. Kinachobaki kinabaki chukuchuku. Maharage ukishayaunga yote kwa nazi na nyanya umeyafunga, yatakuwa maharage ya nazi hadi mwisho wa maisha yake, na maisha yenyewe ni mafupi maana nazi inachacha upesi. Maharage chukuchuku yanakusubiri uamue.

Nieleze ninavyofanya mwisho wa wiki. Jumamosi usiku nachagua kilo moja ya maharage na kuyaloweka kwenye ndoo, maji yawe mengi maana asubuhi yatakuwa yamevimba mara mbili. Jumapili asubuhi namwaga maji ya kuloweka, naweka maji mapya, nayabandika. Hapa sina haraka: yachemke kwa nguvu, yanarukaruka, robo saa nzima au zaidi. Maharage mekundu hasa yana sumu yake ya asili ambayo inaondoka kwa kuchemka kweli, siyo kwa kupashwa moto tu. Baada ya hapo natoa sufuria na kifuniko chake vilevile bila kufunua, nayatia kwenye kapu.

Kapu langu ni la ukili, kubwa, nilinunua kwa mama anayesuka. Ndani nimetandika blanketi kuukuu, na juu ya sufuria nakandamiza mto wa sufi. Sufi inashika joto vizuri. Naliacha saa tatu au nne, naenda kufua, naenda kanisani, narudi. Nikitoa mto, kifuniko bado kinaunguza vidole. Narudisha jikoni yachemke tena kidogo, yameiva, hayajapondeka. Zamani kilo ya maharage ilinimalizia makopo mawili ya mkaa, sasa hata kopo moja haliishi.

Kilo moja kavu ikiiva inakaribia kilo mbili na nusu. Mchana theluthi ya kwanza naiunga kwa tui la nazi, tunakula na wali. Usiku theluthi ya pili inaungwa kwa kitunguu, nyanya na hoho, tunakula na ugali. Kabla ya kulala iliyobaki naichemsha tena hadi itokote, naipoza haraka, na bakuli lenye kifuniko linakwenda kwa jirani anayeuza barafu, ana friji, tunaelewana. Alfajiri nalichukua. Nakaanga kitunguu hadi kiwe cha kahawia, namimina maharage, nayaponda kwa mwiko humohumo kwenye mafuta hadi yashikane, yaanze kuachia pembeni ya kikaango. Hayo na muhogo wa kuchemsha, watoto wanaondoka shuleni wameshiba.

Milo mitatu, ladha tatu, jiko la maharage limewashwa mara moja. Karibuni mchangie, kila mtu na ya kwao.

Kaka wa Geto

Mleta uzi, asante sana. Mimi niko peke yangu, chumba kimoja Sinza. Asubuhi chai na vitafunwa mtaani, mchana kwa mama ntilie, usiku chips mayai. Nikijumlisha napita elfu nane kwa siku, mtu mmoja! Wewe unalisha watano kwa hiyo hiyo. Nina friji ndogo, nina jiko la gesi la mtungi mdogo, nina sufuria mbili. Tatizo nikipika kingi nakula kitu kimoja siku nne nakinai, natupa. Hili la kuunga mara tatu sijawahi kulifikiria. Nafuatilia kwa karibu.

Mpare wa Same

Dada, umegusa pale pale. Sisi kwetu kande ndiyo mwalimu wa hili jambo. Sijaona mtu upareni anapika kande la kula siku moja. Linapikwa sufuria kubwa kwa makusudi, maana kila mtu anajua utamu wake ni kesho.

Kipimo cha nyumbani kwetu ni mahindi yaliyokobolewa mawili kwa maharage moja. Yote yanalowekwa usiku. Mahindi yanatangulia jikoni, maharage yanafuata baadaye, la sivyo maharage yatakuwa uji mahindi yakiwa bado yanagonga meno. Chumvi mwisho. Wengine wanatia magadi ili yaive upesi, mama yangu alikuwa anakataa, anasema yanaharibu ladha na rangi. Siku ya kwanza linaliwa hivyo hivyo na maziwa mgando. Kesho yake asubuhi ndipo linakaangwa.

Bado nasikia ile sauti. Mama alikuwa anakaanga kitunguu gizani kabla hatujaamka, halafu anamimina kande la jana, na lile tone la maji lililobaki linalia kwenye mafuta. Hatukuhitaji kuitwa. Akishakaanga anakandamiza kwa mgongo wa mwiko, anaacha bila kukoroga hadi chini kushike ukoko. Huo ukoko tuligawana kwa zamu, na mdogo wetu wa mwisho alikuwa akilia kama siyo zamu yake.

Mwenye Nyumba Kubwa

Samahani mleta uzi, siyo kwa ubaya. Lakini kuwalisha watoto viporo kila asubuhi siyo vizuri. Mtoto anakwenda shule, mwenzake kala mkate na yai, yeye kala makombo ya jana. Inamuumiza hata kama hasemi. Bora uji mtupu wa moto kuliko makombo.

Sufuria Nyeusi

Mwenye Nyumba Kubwa, nimekusoma na sijakasirika, ila hapo umechanganya vitu viwili, na mimi vitu hivyo navijua kwa tofauti yake hadi kwenye mifupa.

Kiporo ni chakula kilichobaki kwenye sufuria. Hakijaguswa na mkono wa mtu. Makombo ni yaliyobaki kwenye sahani baada ya mtu kula, ameyashika, ameyaumauma. Kiswahili kimetenganisha maneno haya kwa sababu.

Nikiwa na miaka 17 nilifanya kazi za ndani kwenye nyumba moja hapa mjini. Siku moja walikuja wageni, nikapika pilau tangu asubuhi. Wageni walipoondoka, sufuria ilikuwa bado na pilau ya kutosha watu wanne. Niliambiwa niimwage, maana nyumba ile hailiwi kiporo. Halafu zile sahani za wageni, zenye wali umekanyagwakanyagwa na mifupa imetafunwa, ndizo nilizoambiwa nikusanye nile. Nilimwaga pilau safi niliyoipika kwa mikono yangu na kula mabaki ya midomo ya watu. Sikuweza kuyameza, nililala na njaa.

Kwa hiyo nyumbani kwangu makombo hayaliwi na mtu, yanakwenda kwa kuku. Na kiporo hakimwagwi. Mtoto wangu nikimkaangia maharage asubuhi namwekea kwenye sahani safi, ya moto, imefunikwa. Nimekaa naye, tumekula wote. Sidhani kama hicho ni chakula cha kumwonea mtoto haya.

Mgeni ni jambo jingine. Mgeni napikia kipya hata kama ni mchicha na ugali, hapo tuko pamoja.

Binti wa Mvita

Salamu kutoka Mombasa. Hapo kwa maneno umesema kweli. Bibi yangu alikuwa na neno jingine tena, yeye akisema *mwiku*, chakula cha usiku kinacholiwa asubuhi. Nani hapa bado analisikia? Siku hizi vijana twasema kiporo tu.

Naongeza la nazi. Wengi hukamua tui lote pamoja wakalitia mwanzo. Sisi tui jepesi ndilo la kupikia, tui zito latiwa mwisho, chungu kiko karibu kuepuliwa. Basi ukitaka kuweka akiba, toa mbaazi zako kabla ya tui zito. Zile ulizotoa zitakaa vizuri zaidi, na asubuhi wakuna kipande cha nazi, wamalizia hapo hapo, wala na mahamri. Ukitia tui zito lote usiku, asubuhi ukifunua harufu yakuambia kabla hujatia kijiko.

Na msitupe ukoko wa wali. Wali wa kupalia makaa juu, ule wa chini ukishikana vizuri bila kuungua, twamwagia mchuzi kidogo ukalainika.

Muuguzi wa Zamu

Uzi mzuri sana, na naomba nafasi niongee jambo moja kwa uzito wake, maana limenigusa kazini. Wali.

Watu wanaamini chakula kibaya kitajulikana kwa harufu, na kwamba ukikipasha moto sana kinakuwa salama. Kwa vyakula vingi kupasha kunasaidia. Wali una tabia yake. Mchele mbichi unaweza kuwa na mbegu za bakteria aitwaye *Bacillus cereus*. Mbegu hizo hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa kwenye sufuria ya vuguvugu usiku kucha, kwa joto la pwani, zinaamka, zinazaliana, na zinaweza kutoa sumu. Sumu hiyo ya kutapisha haiharibiwi na moto wa jikoni. Unaweza kuupasha wali hadi ukaungua, sumu ipo pale pale. Na wali haujabadilika harufu. Mtu anakula, ndani ya saa moja hadi sita anaanza kutapika.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni rahisi kukumbuka: chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Kama kinasubiri kuliwa, kiwe cha moto zaidi ya nyuzi 60. Kama kinahifadhiwa, kiwe chini ya nyuzi 5, yaani friji inayofanya kazi. Ukipasha, kipate moto hadi katikati, nyuzi 70 na zaidi, mvuke utoke kote, siyo pembeni tu.

Kwa wasio na friji ushauri wangu ni pikeni wali wa kuisha. Kiporo kiwe cha vitu vingine. Na kupoza haraka ni muhimu sana hata kwa wenye friji: msiingize sufuria kubwa ya moto, katikati yake itakaa vuguvugu saa nyingi. Tandaza kwenye sinia, au weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, ikishapoa igawe kwenye bakuli ndogo.

Dereva wa Masafa

Muuguzi nakuheshimu, lakini sisi tumekula wali kiporo tangu utotoni, umefunikwa na sinia juu ya meza hadi asubuhi, na tupo.

Muuguzi wa Zamu

Mkuu, ni kweli, na mara nyingi hakuna linalotokea. Sisemi kila wali uliolala una sumu. Nasema siku ikitokea, huna njia ya kuijua mezani, na atakayeumia zaidi ni mtoto mdogo, maana anaishiwa maji mwilini haraka. Mimi ndiye ninayempokea usiku na mama yake akiniambia "alikula wali tu". Ndiyo maana nimeandika.

Sufuria Nyeusi

Muuguzi, asante. Nimesoma mara mbili. Kusema kweli mimi wali wa usiku nilikuwa nafanya kama Dereva alivyosema, naufunika mezani, asubuhi naukaanga. Hilo la sumu isiyokufa kwa moto sikulijua, nilidhani kukaanga kunatosha. Kuanzia leo wali kwangu ni wa kupima. Bakuli za friji ya jirani nitaziachia maharage.

Kwa wenye friji, wali uliopozwa vizuri una kazi moja tamu sana. Loweka mchele usiku, asubuhi unaposaga kwa ajili ya vitumbua tia na kikombe kimoja cha wali humo kwenye blenda. Vitumbua vinakuwa laini hadi jioni. Tumia mchele chenga, ni bei nafuu na kwa vitumbua hakuna atakayejua tofauti.

Ugali sasa. Ugali uliobaki mimi nauvisha bakuli ukiwa bado wa moto ili usishike ngozi ngumu. Asubuhi nalowesha kisu kwa maji, maana ugali unang'ang'ania kisu kikavu, nakata vipande virefu kama vidole viwili. Mafuta kidogo, moto wa wastani, naviweka bila kuvigusa hadi upande mmoja uwe na rangi ya dhahabu na uachie wenyewe kwenye kikaango. Ukivigeuza mapema vinavunjika. Natupia kitunguu na chumvi. Na chai ya rangi yenye tangawizi, hapo hata baba watoto anachelewa kutoka.

Kaka wa Geto

Nimejaribu ugali leo asubuhi. Nimevigeuza mapema, vimevunjika. Nimevunjia yai moja humo humo, vikashikana, na ilikuwa tamu mno! Swali: unga upi, sembe au dona?

Mpare wa Same

Dona, kijana. Dona inashibisha, na ile sehemu ya punje inayoondolewa kwenye sembe ndiyo yenye lishe. Ila dona haikai, ina mafuta ya kiini, ikikaa sana inapata uchungu. Saga kidogo kidogo. Nenda mashineni uyaone mahindi kwa macho yako kabla hayajasagwa.

Na hapa nisisitize. Mahindi au karanga zenye ukungu ni za kutupa. Usioshe, usianike, usichanganye na mazuri. Kule Dodoma na Manyara mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Sumukuvu haiishi kwa kupikwa. Tunaongea kubana matumizi humu, lakini siyo kubana hadi hapo.

Sufuria Nyeusi

Kweli kabisa. Hata mimi kuna vitu sibani: mafuta yaliyokaangiwa hadi yakawa meusi, samaki aliyelegea macho, na chochote kilichoanza kuvuta nyuzi. Hivyo vinamwagwa bila majuto.

Mboga zinavyonisaidia: matembele sinunui tena. Nilichomeka vikonyo kwenye viroba viwili vya udongo nyuma ya nyumba, vikashika, nachuma kila baada ya siku chache. Majani ya maboga nanunua, na kazi yake ni kuyamenya zile nyuzi za kwenye kikonyo, mwanangu wa kati ndiye fundi. Ukiyatia karanga za kusaga na nyanya chungu mbili tatu, hayo ni chakula kamili na ugali.

Nyanya naendea jioni. Sokoni Rangi Tatu jua likishazama, wauzaji wanataka kurudi nyumbani, wanakuuzia masalo, zile zilizobonyea na kupasuka kidogo, sado kwa bei ambayo mchana ungepata fungu. Zilizooza natenga. Nzuri nazikata usiku ule ule, zinapikwa na mafuta na chumvi hadi maji yakauke, libaki rojo zito. Rojo hilo ndilo ninaloungia kila kitu siku inayofuata. Ukiacha masalo hadi asubuhi umepoteza hela, hayasubiri.

Dagaa: wa Kigoma ni watamu, ila mfuko wangu unamjua wa Mwanza. Nawatoa vichwa, nawaosha kwa maji ya vuguvugu mara tatu hadi mchanga usisikike chini ya beseni. Wengine nakaanga wakauke, wengine nawakausha na kuwatwanga unga. Kijiko cha unga huo kwenye mboga ya majani, mtoto asiyependa dagaa anakula bila kujua.

Dereva wa Masafa

Nami nichangie la safari. Nikiwa Kampala huwa nakula kitu wanaita kikomando. Chapati inakatwa vipande vidogo, inamwagiwa maharage ya moto yenye mchuzi, basi. Bei ya chini na unaendesha hadi jioni bila njaa. Nilivyorudi nyumbani nikamfundisha mke wangu kwa ajili ya chapati zilizolala. Chapati ya jana ukiila kavu ni ngumu, ndani ya mchuzi inalainika na kunyonya ladha yote. Kenya nako nimekula chapati na madondo, yaani maharage, ni ndugu wa karibu, ila hii ya kukatakata ndiyo ya kumalizia viporo.

Mwanza nilikula mapanki pia, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa viwandani. Kichwa chake kina nyama nyingi kuliko watu wanavyodhani. Chemsha na ndimu, nyanya na pilipili, huo mchuzi unaamsha mtu.

Binti wa Mvita

Dereva, kwa wenyeji wa pwani kichwa cha samaki ndicho tunachogombania!

Na machicha ya nazi mwayafanyaje? Sisi tukishakamua, kuku ndio wanaongojea mlangoni.

Sufuria Nyeusi

Kwangu pia ni kuku. Wanne tu, lakini mayai wanayotoa ndiyo yanayokaangwa na ule ugali.

Kaka wa Geto

Wakuu, narudi na majibu ya wiki mbili.

Nilianza na nusu kilo ya maharage siyo kilo. Sina kapu la ukili, nimetumia boksi la katoni, taulo na koti langu la baridi nililotoka nalo Mbeya, na imefanya kazi. Nilichemsha Jumapili, nikapoza kwenye beseni kama Muuguzi alivyosema, nikagawa kwenye bakuli tatu za plastiki chukuchuku, friji. Jumapili nimeunga kwa nyanya. Jumatatu nimeunga kwa nazi ya pakiti, nimekula na wali wa kikombe kimoja. Jumanne nimekata chapati mbili za kununua, kikomando. Sikukinai kwa sababu kila siku ilikuwa harufu nyingine chumbani.

Nimeharibu pia. Wiki ya pili nilitia chumvi mwanzoni, maharage yakagoma kuiva, au labda yalikuwa ya zamani, sijui. Na siku moja umeme ulikatika nikiwa kazini tangu asubuhi hadi usiku, nimerudi bakuli ni la vuguvugu. Nililinusa, halikuwa na kitu, lakini nikakumbuka alichosema Muuguzi nikalimwaga. Roho iliuma.

Hela: wiki hizi mbili sijafika elfu nne kwa siku, na hapo mchana bado nakula kwa mama ntilie maana kazini siwezi kupika. Chips mayai nimekula mara moja, Ijumaa, na nilizifurahia kuliko zamani nilipokuwa nazila kila siku.

Mwenye Nyumba Kubwa

Mleta uzi, nimesoma uzi wote hadi hapa. Nikuombe radhi kwa neno nililotumia. Sikujua tofauti ina uzito huo. Msichana anayetusaidia nyumbani nimemuuliza jana anapenda kula nini, akanyamaza, akasema chochote. Kuanzia jana tunapakua naye pamoja, kutoka sufuria moja.

Sufuria Nyeusi

Dada, asante. Hilo limenifikia.

Kaka wa Geto, hongera. Maharage yakigoma mara nyingi ni ya msimu uliopita. Siku nyingine muulize muuzaji, na uangalie ngozi: yakiwa yamekunjamana na rangi imefifia, yaloweke tangu mchana. Na lile bakuli ulilomwaga usiliwaze tena.

Taarifa ya kwangu ni fupi. Kipimo cha wali nimemkabidhi binti yangu mkubwa, ana miaka kumi. Nimempa kikombe kimoja cha bati, ndicho kipimo, hakibadilishwi. Siku ya kwanza alipima vitano, wali ukabaki, kuku wakafurahi. Jana amepima vitatu na nusu. Tumekula watano, mboga ilikuwa matembele ya kwenye kiroba na dagaa wawili watatu kila mtu, na sufuria imerudi jikoni tupu. Ukoko ameugawa yeye mwenyewe kwa kisu, sehemu tano sawasawa, na cha baba yake akakifunikia sahani kwa sababu alikuwa bado yuko barabarani.

Kesho ni Jumamosi. Wiki hii nimepata mbaazi kwa bei nzuri, naloweka hizo.